Nene ipi? Kusoma madaraja ya mabomba ya plastiki

Nilipojenga bafu la uani nilifanya kosa la mtu mwenye hela mkononi: nilinunua bomba nene kuliko yote yaliyokuwa dukani. Lilikuwa la PPR, ile plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa, milimita 20, limeandikwa PN25. Muuzaji alikata kipande cha urefu wa kidole, akakisimamisha juu ya kaunta pembeni ya kipande cha PN16, akavigonga kwa ukucha kimoja baada ya kingine. "Kaka, sikia mlio. Hiki ndicho kitu. Kile kingine ni cha nyumba ya kupangisha." Nikacheka, nikalipa. Mwezi haukuisha nikawa nimesimama chini ya bomba la mvua na povu kichwani, nasubiri maji yanayoteremka kama yanaombewa ruhusa.

Bomba halikuwa na kasoro yoyote. Tatizo ni kwamba tenki langu liko juu ya mnara wa mita nne. Kila mita kumi za kimo cha maji huleta presha ya takriban baa moja (baa hii ni kipimo, si ile ya vinywaji), kwa hiyo mimi nina 0.4 ya baa. Herufi PN na namba inayofuata hutaja presha ambayo bomba limetengenezwa kuistahimili muda wote wa maisha yake, kwa maji ya nyuzi 20. PN25 ni baa 25, yaani maji yaliyosimama kimo cha mita 250. Nilijinunulia ukuta wa kuzuia mlima wa maji wakati mimi nina kichuguu.

Na ukuta huo haukukaa bure. Zile milimita 20 ni kipimo cha nje, hazibadiliki, kwa sababu viungio vyote, elbo, tii na soketi, vimetengenezwa kushika mwili wa nje. Unene ukiongezeka unakula ndani. PN16 ya milimita 20 ina ukuta wa milimita 2.8, tundu linabaki 14.4. PN25 ina ukuta wa 4.1, tundu linabaki 11.8. Tofauti ya kwenye rula ni ndogo, lakini piga hesabu ya eneo la duara: theluthi nzima ya njia ya maji imekwenda. Kwa mwenye presha ya mtaani ya baa tatu au nne hasara hiyo haionekani. Kwa mwenye tenki la mita nne, inaonekana kichwani.

Hapo hapo kuna mtego wa lugha. Mafundi wetu hulitaja bomba hilo la PPR la 20 kuwa "nusu inchi". Jina hilo limerithiwa kutoka kwa bomba la chuma, ambalo nusu inchi yake ilikuwa ikikadiria tundu la ndani, na kwa nje lina milimita 21.3. Jina likahamia kwenye plastiki, tundu halikuhama nalo. Fundi akikwambia "weka nusu", muulize ni nusu ya PN ngapi.

Mabomba tunayonunua yana madaraja mengi yanayopishana: PN, SDR, herufi B, C, D na E, SN, SCH, na namba za tarakimu nne kwenye konduti za umeme. Mtu akiyaona yote kwa pamoja anadhani ni lugha moja yenye lahaja nyingi. Si hivyo. Kila daraja linajibu swali lake, na maswali ni matatu: bomba litasukumwa kutoka ndani, litakandamizwa kutoka nje, au litagongwa? Ukishajua nguvu inatoka upande gani, zile herufi zinaanza kueleweka.

Nguvu ikitoka ndani

Soseji ikizidi moto kwenye kikaango hupasuka kwa urefu wake, haikatiki katikati. Bomba la maji nalo likishindwa na presha hupasuka vivyo hivyo. Lipasue moja kwa mawazo kwa urefu, upate mifereji miwili iliyofungana. Maji yanataka kuitenganisha mifereji hiyo, na kinachoishikilia ni kuta mbili tu, moja kila upande. Bomba likiwa pana maradufu, maji yanapata eneo la kusukumia maradufu, na kuta bado ni zile zile mbili. Basi unene nao sharti uwe maradufu ili mambo yabaki yalivyokuwa.

Ndiyo maana unene peke yake hauelezi kitu. Milimita tatu ni ukuta imara kwa bomba la 32 na ni karatasi kwa bomba la 315. Kinachohesabika ni uwiano: kipenyo cha nje gawanya kwa unene. Uwiano huo ndio unaoandikwa SDR. Bomba la 110 lenye ukuta wa milimita 10 na bomba la 32 lenye ukuta wa milimita 3 ni ndugu wa tumbo moja, yote SDR 11, na yakiwa ya plastiki moja yatabeba presha moja. Angalia kwamba namba hii inakwenda kinyume na matarajio: SDR ikikua, ukuta unapungua. Nimemwona mtu akichagua SDR 26 badala ya SDR 17 kwa sababu 26 ni kubwa.

Chukua sasa rola la bomba jeusi la HDPE lenye mistari ya bluu, lile ambalo wilaya nzima huvutiwa maji kwalo. Limeandikwa ubavuni, kila mita, kitu kama hiki: PE100 63x3.8 SDR17 PN10. Kipenyo cha nje ni 63, ukuta ni 3.8, na 63 ukigawanya kwa 3.8 unapata 16.6, inayohesabiwa katika kundi la 17. PE100 ndiyo aina ya plastiki: maana yake ukuta wake unategemewa kuhimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50 kwenye nyuzi 20. Wahandisi huigawa 10 hiyo kwa 1.25 ili kujiwekea akiba, ikabaki 8. Kutoka hapo hesabu ya baa inaingia kichwani: kwa PE100, toa moja kwenye SDR, kisha gawanya 160 kwa jibu. SDR 17 ukitoa moja ni 16, na 160 kwa 16 ni 10. Ndiyo hiyo PN10. SDR 11 inatoa 16. SDR 26 inatoa 6.4, nayo huuzwa kama PN6.

Sasa badilisha plastiki iwe PE80, ya kizazi cha nyuma yake. Pale kwenye 160 unaweka 126. SDR 11 ile ile, unene ule ule, sasa ni PN12.5 na si PN16. Ukuta mnene wa plastiki dhaifu unaweza kushindwa na ukuta mwembamba wa plastiki imara, na ukucha wa muuzaji hauwezi kukusaidia hapo.

PVC ina kituko chake ambacho hunifurahisha kila ninapokieleza. Kwenye jedwali la mabomba ya PVC ya PN10, bomba la 90 lina ukuta wa milimita 4.3. La 110, ambalo ni kubwa zaidi, lina 4.2. Mtu wa kwanza kuliona hudhani mpiga chapa amekosea. Hakuna aliyekosea. Kiwango cha kimataifa kinataka akiba kubwa kwa mabomba madogo: hadi kipenyo cha 90 nguvu ya plastiki inagawanywa kwa 2.5, kuanzia 110 inagawanywa kwa 2. Bomba la 90 liko SDR 21, la 110 liko SDR 26, na yote mawili ni PN10 halali.

Herufi B, C, D na E ni za Waingereza, kutoka kiwango chao cha BS 3505, nazo bado zinatamkwa madukani kuanzia Mombasa hadi Mbeya. B ni baa 6, C ni 9, D ni 12, E ni 15. Zinaonekana kama namba zilizookotwa, lakini zigeuze ziwe kimo cha maji kwa futi: 200, 300, 400, 500. Aliyezipanga alikuwa akifikiria tenki juu ya kilima. Tatizo la herufi hizi leo ni kwamba zimezaliwa kwenye inchi. Bomba la inchi nne la Mwingereza lina milimita 114.3 kwa nje, la kipimo cha mita lina 110. La inchi mbili lina 60.3, jirani yake ana 63. Ukichukua bomba la daraja C na soketi ya PN10 kwa kuwa "zinakaribiana", presha zinakaribiana kweli, lakini mabomba hayaingiani.

Na yasipoingiana, tunajua kinachofuata: fundi anawasha karatasi za mfuko wa saruji, anazungusha mdomo wa bomba juu ya moto mpaka ulegee, anausukumia ndani bomba la pili. Kiungio kimepatikana bila kununua soketi. Kwa bomba la maji machafu yanayoteremka yenyewe sitagombana naye sana. Kwa bomba la presha ni jambo jingine. Plastiki ile haikuongezeka, imevutwa tu: mdomo umepanuka, ukuta umepungua, na upande uliokuwa karibu na moto umepungua kuliko wenzake, mara nyingine umeungua hadi kuwa kahawia. Ulinunua PN10 ya mita sita, na mwishoni pake ukatengeneza sentimita 15 ambazo hazina daraja lolote. Pampu ikiwashwa, hapo ndipo maji yatatokea.

Pampu yenyewe inahitaji neno moja. Maji yanayokimbia mita moja kwa sekunde ndani ya PVC yakizuiwa ghafla, tuseme umeme umekatika au koki imefungwa kwa kishindo, yanapiga pigo la baa tatu na nusu hadi nne juu ya presha iliyokuwepo. Bomba lililochaguliwa kwa kimo cha kisima tu, bila nafasi ya pigo hilo, linaishi kwa bahati.

SCH 40 na SCH 80 ni za Marekani, na wengi wetu tumezisikia kwa waliofanya kazi Ghuba. Zilitoka kwenye mabomba ya chuma, na plastiki ikavikwa unene ule ule. Hapa ndipo mtu anayejua SDR anapopotea, maana SCH haiweki uwiano sawa. PVC ya SCH 40 ya nusu inchi ina ukuta wa milimita 2.77 na inabeba takriban baa 41. Ya inchi nne ina ukuta wa milimita 6, inabeba 15. Ya inchi 12 ina ukuta wa milimita 10.3, inabeba 9 tu. Daraja ni moja, presha ni tatu tofauti. Mwenye bomba la SCH lazima aangalie kipenyo kabla ya kusema ni imara.

Halafu kuna jua. Namba zote hizo ni za nyuzi 20, na bomba lililolazwa juu ya bati la Dodoma mchana haliijui nyuzi 20. HDPE kwenye nyuzi 40 inabaki na karibu asilimia 74 ya uwezo wake, kwa hiyo PN10 yako ni 7.4. PVC hushuka kwa kasi zaidi: meza za Marekani zinaipa asilimia 62 kwenye nyuzi 38, na kwenye nyuzi 60 inabaki asilimia 22. Hii ndiyo sababu PVC ya kawaida haipelekwi kwenye maji ya moto, na ndiyo sababu PPR ina madaraja yanayoonekana makubwa kupita kiasi. PN20 ya PPR ikipitisha maji ya nyuzi 70 miaka yote, uwezo wake unashuka chini ya nusu. Ukuta ule mnene uliwekwa kwa ajili ya hita. Mimi niliutia kwenye maji ya baridi ya tenki.

Nguvu ikitoka juu

Bomba la choo halina presha. Maji yanateremka yenyewe, nusu ya bomba ni hewa. Ukililinganisha kwa PN unauliza swali ambalo halilihusu. Kinacholiua ni udongo, na lori la mchanga linaloingia uani kurudi nyuma. Kwa hiyo daraja lake ni SN, ugumu wa duara: SN2, SN4, SN8, kwa kilonyutoni kwa mita ya mraba. Linabanwa kati ya sahani mbili na kupimwa linavyokataa kuwa yai.

Hapa unene una nguvu ya ajabu. Ugumu wa duara unakwenda na unene mara tatu kwa wenyewe: punguza ukuta nusu, ugumu unabaki sehemu moja ya nane. Bomba la 110 la kuheshimika la maji taka lina ukuta wa milimita 3.2. Yale mepesi yanayouzwa kwa bei ya kutupa, ukiyapima ukakuta 2.2, usiseme "limepungua milimita moja". Limebaki na theluthi ya ugumu wake. Kwa bomba la 160, SN2 ina milimita 3.2, SN4 ina 4.0, SN8 ina 4.7. Kati ya la kwanza na la mwisho ni milimita moja na nusu, na ugumu mara nne.

Lakini bomba la plastiki halibebi udongo peke yake. Likibonyea kidogo, mbavu zake zinasukuma udongo wa pembeni, na udongo ukiwa umeshindiliwa unarudisha msukumo. Kwa hiyo mchanga safi chini na pembeni, ulioshindiliwa kwa tabaka, unaweza kuwa na faida kuliko kupanda daraja moja la SN. Nimeona bomba zuri likiwekwa juu ya jiwe na kufukiwa kwa vifusi vya matofali. Jiwe halisomi maandishi ya ubavuni.

Kuna pia mabomba ya tabaka tatu, ngozi ngumu nje na ndani, katikati plastiki yenye vitundu kama mkate. Yana ukuta mnene, ni mepesi, na kwa kazi ya kukataa kubonyea yanafaa, maana plastiki ngumu iko mbali na katikati ya ukuta, mahali inapofanya kazi zaidi. Ukiyatia presha hayana kitu. Mtu wa ukucha na kaunta angeyachagua ya kwanza.

Konduti

Paipu za umeme nazo hazina presha ya ndani. Siku zake ngumu ni chache na zote ni za ujenzi: siku ya kumwaga jamvi, vibarua kumi na toroli wanapita juu yake, zege inashuka kutoka kwenye ndoo, mtetemeshaji anaingiza mashine yake pale pale. Ikibonyea siku hiyo hakuna anayejua mpaka fundi umeme aje kuvuta waya miezi sita baadaye na waya ugome katikati ya slabu.

Konduti iliyofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 61386 ina namba ya tarakimu nne, kwa mfano 3321. Tarakimu ya kwanza ni kubanwa: 2 ni nyutoni 320, sawa na uzito wa kilo 33 hivi, 3 ni nyutoni 750, mtu mzima wa kilo 76, 4 ni nyutoni 1250, mtu huyo na mfuko wa saruji begani. Ya pili ni kugongwa: 3 ni jouli mbili, yaani kilo mbili zikianguka sentimita 10, na 4 ni jouli sita, kilo hizo hizo zikianguka kutoka sentimita 30. Ya tatu na ya nne ni baridi na joto inaloweza kukaa nalo. Kwa pwani ya tatu haina kazi, ya nne ikiwa 1 maana yake ni nyuzi 60. Ndani ya zege ningetaka tarakimu mbili za mwanzo zisipungue 3. Kwenye ukuta uliochimbwa mfereji na kufunikwa kwa plasta, 2 inatosha, ukipita siku ya fundi wa plasta na mwiko wake.

Usibadilishane kazi. Bomba jeusi la maji la HDPE ni nene na litavumilia zege kuliko konduti nyingi, lakini linashika moto na kuupeleka. Kwa kiwango hicho hicho, konduti inayoweza kueneza moto lazima iwe ya rangi ya chungwa, ili mkaguzi aione kwa mbali ikiwa imeachwa wazi badala ya kuzikwa kwenye zege. Na konduti haipaswi kubeba maji ya kunywa hata kama haivuji. Haikutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya kinywa.

Kupima kilichoandikwa

Maandishi yanaweza kusema PN10 na ukuta ukasema jingine. Nenda na kalipa, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, hata ya plastiki. Kata ncha ya bomba iwe safi, pima sehemu nne kuzunguka mdomo, na unaohesabiwa ni unene mdogo kuliko yote, si wastani. Mara nyingine tundu limekaa upande, ukuta mmoja una 4.4 na wa pili 3.1, na muuzaji atakuonyesha ule wa 4.4.

Kwa rola la HDPE, ambalo hutaki kulikata, mzani ni mwaminifu zaidi. Plastiki hiyo ina takriban kilo 0.95 kwa lita. Bomba la 63x3.8 lina karibu kilo 0.67 kwa mita, kwa hiyo rola la mita 100 ni kilo 67 hivi. SDR 26 ya 63, yenye ukuta wa 2.5, ni karibu kilo 45. Siku hizi nikinunua namwomba kijana wa dukani aliviringishe rola mpaka kwenye mzani wa misumari. Juzi moja lilisoma 51. Mwenye duka akaliangalia, akaniangalia, akasema hilo ni la mteja mwingine.